Daktari yuko Mombasa, goti liko Faza

Mama yangu aliacha kusujudu kabla hajaacha kupanda ngazi, na nyumbani hakuna aliyelitilia maanani. Tulimkuta adhuhuri moja amevuta kiti karibu na ukuta, anaswali amekaa. Tukasema ni utu uzima, na ruhusa ipo; dini haimkalifishi mgonjwa. Baada ya miezi kadhaa akawa hapandi tena darini kuanika, kisha akawa hakai kwenye mbuzi kukuna nazi, na mwisho akawa haendi kwa jirani yake wa miaka arobaini kwa sababu ya vipandio vitatu vya daka, ile baraza ya mlangoni. Goti la kulia lilikuwa limesagika. Lakini kilichokuwa kikimpotea si goti peke yake. Dunia yake ilikuwa ikipungua chumba kwa chumba.

Yeye anaishi Faza, kisiwani Pate. Kwenda Amu, yaani mji wa Lamu, iliko hospitali kuu ya kaunti, boti ya abiria hula asubuhi nzima, na nahodha hutazama maji kwanza, maana Mkanda, mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, haupitiki ovyo maji yakitoka. Kikao cha nusu saa cha mazoezi kinageuka safari ya siku, nauli ya watu wawili, na goti bovu kupandishwa chomboni na kushushwa gatini, kwenda na kurudi. Mazoezi ya goti lililosagika hutakiwa mara mbili au tatu kwa wiki, kwa muda wa kama miezi mitatu hivi. Hesabu hiyo haimshindi maskini tu, inamshinda kila mtu. Kaunti ya Lamu ina watu 143,920 kwa sensa ya 2019, waliotawanyika visiwani na bara, na wengi wao wana bahari au barabara ndefu kati yao na mtaalamu wa viungo.

Wala si sisi peke yetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 wana hali ya kiafya ambayo ingepata nafuu kwa tiba ya kurejesha uwezo wa mwili, na kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati wataalamu wa tiba hiyo hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Mazoezi ya nyumbani yanayoongozwa kwa mbali yalizaliwa na pengo hilo.

Jina lake lina vipande vitatu: nyumbani, kwa mbali, na kuongozwa. Watu husikia viwili vya kwanza wakadhani wameelewa. Huona picha ya video inayosambazwa kwenye WhatsApp, kijana mwenye misuli anaruka ruka, na mzee wa miaka sabini anaambiwa amfuate. Hiyo si tiba. Kipande chenye uzito ni cha tatu, na makala haya nimeyaandika kwa ajili ya hicho.

Kabla hatujaanza kuongozwa kwa simu, kliniki moja ilimpa mama karatasi yenye michoro sita ya mazoezi. Akaifuata siku tisa. Siku ya kumi goti likamuuma kuliko kawaida, akawa na swali moja tu: je, maumivu haya ni ya kujenga au ya kuharibu? Karatasi haijibu. Akaacha. Watoto tulisema amefanya uvivu, na leo naona tulimwonea. Mtu mwenye akili zake akiumia na asipate wa kumuuliza, huacha.

Jibu la swali lake, kumbe, lipo na ni fupi. Katika goti lililosagika, maumivu kidogo wakati wa mazoezi yanavumilika, mradi yatulie na kurudi kama yalivyokuwa ndani ya saa 24. Yakizidi hapo, dozi ilikuwa kubwa, inapunguzwa. Hakuna kuacha. Neno moja hilo, likisemwa siku ya kumi na mtu anayeaminika, lingemwokolea mama mwaka mzima.

Anayeongoza, basi, ana kazi nne: anachagua zoezi linalomfaa mtu huyu, anamtazama akilifanya, anajibu maswali, na anaongeza uzito wakati wake ukifika. Ya mwisho ndiyo husahaulika. Msuli hujengeka ukidaiwa zaidi ya ulichozoea. Ukidaiwa kilekile kila siku, hubaki palepale. Wenyeji wa Matondoni wanaounda majahazi hawahitaji kufafanuliwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na umri si kizuizi kama tunavyodhani. Mwaka 1990, Maria Fiatarone na wenzake huko Marekani waliwapa wazee kumi dhaifu, wenye wastani wa umri wa miaka 90, mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Kwa tisa waliomaliza, nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Hao ni watu ambao kwetu tungewatandikia kitanda na kuwaletea uji.

Kwa nini goti linalouma lipewe kazi badala ya kupumzishwa? Gegedu, ule utando mlaini unaofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye majimaji ya kiungo, na majimaji hayo huingia na kutoka gegedu likibanwa na kuachiwa, kama sifongo. Goti lisilotembezwa linanyimwa chakula. Pili, msuli mkubwa wa mbele ya paja ndio unaopokea mshindo wa kila hatua kabla haujafika kwenye mfupa. Ukinyong'onyea, mshindo wote unaangukia kiungo. Mazoezi hayarudishi gegedu lililokwisha, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Yanachofanya ni kupunguza maumivu na kurudisha uwezo wa kutumia mguu, na kwa aliyeacha kutoka nyumbani hilo si dogo.

Faida haziishii kwenye goti. Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kusubiri insulini, na baada ya mazoezi mwili huendelea kuitumia insulini vizuri zaidi kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana mwenye kisukari huambiwa asipitishe siku mbili mfululizo bila kufanya kitu. Shinikizo la damu hushuka. Usingizi hutulia. Mtu huanguka mara chache, na kwa nyumba zetu za ngazi nyembamba na ndefu, kuanguka ni jambo la kuogopa.

Sasa kuhusu kuongozwa kwa mbali. Njia ni tatu, na mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni simu ya video ya moja kwa moja, mtaalamu anakuona nawe unamwona. Ya pili ni kufanya peke yako, ukajirekodi au ukaandika ulichofanya, naye akatazama baadaye na kukurudishia maelekezo. Ya tatu ni simu ya kawaida ya sauti, ile inayoshika hata kwenye simu ya vibonye. Watu huidharau hii ya tatu, na mimi naitetea. Mpango wa Otago, ulioundwa New Zealand miaka ya 1990 kwa ajili ya kuzuia wazee kuanguka, ulitumia mtaalamu aliyewatembelea wazee nyumbani mara chache tu na kuwapigia simu katikati. Mazoezi yenyewe ni ya nguvu za miguu na usawa wa mwili mara tatu kwa wiki, pamoja na kutembea. Majaribio yake yalipokusanywa pamoja, kuanguka kulipungua kwa asilimia 35. Hapakuwa na simu janja wala intaneti ya kasi. Palikuwa na mtu anayepiga simu siku aliyosema atapiga.

Je, kwa mbali ni sawa na ana kwa ana? Inategemea ugonjwa. Kwa wagonjwa wa moyo, tafiti nyingi zilizopimwa pamoja zinaonyesha kuwa mazoezi yanayosimamiwa nyumbani hutoa matokeo yanayokaribiana na ya hospitalini, katika vifo na katika ubora wa maisha. Kwa magonjwa sugu ya mapafu picha ni hiyohiyo. Kwa kiharusi, tofauti kubwa haijaonekana, ila ushahidi wake bado ni mwembamba. Mimi nalisoma hivi: kwa mtu wa vijiji vya visiwani kama Kizingitini, Siyu au Kiwayu, hospitali haiko kwenye mizani kabisa. Mazoezi ya simu anayalinganisha na kukaa bure.

Nieleze kikao cha kwanza cha mama, kwa sababu kilinifundisha kuliko nilivyosoma. Alikuwa ameshakwenda Amu mara moja kupigwa picha ya goti, kupimwa presha na kuchunguzwa ana kwa ana. Safari hiyo haikwepeki na sitaki mtu aikwepe. Mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye hapa kwetu wengi humwita daktari wa viungo, alikuwa Mombasa. Ni mwanamke, na tulimchagua makusudi ili mama aweze kuvua buibui na kupandisha dera mpaka magotini bila tabu.

Dakika kumi za mwanzo zilikwenda kutafuta mahali. Chumbani kuta za mawe ni nene, mtandao hauingii na mwanga hautoshi. Tukahamia uani. Mpwa wangu wa miaka kumi na minne akaegemeza simu kwenye ndoo. "Mama, naona uso tu," daktari akasema. "Nataka miguu." Simu ikasogezwa nyuma hatua nne, ikainuliwa juu ya meza hadi usawa wa kiuno, jua likiwa mbele ya mama na si mgongoni. Mwili wote ukaonekana, kuanzia unyayo hadi kichwa. Huo ndio mpangilio unaofaa, na usipopatikana mtaalamu anakisia tu.

Kiti cha plastiki kikasukumwa ukutani kisiteleze. Daktari akamwomba mama akunje mikono kifuani, kisha ainuke na kukaa kadiri awezavyo kwa nusu dakika. Kipimo hiki kinajulikana sana kwa wazee. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akishindwa kufikisha mara kumi, nguvu za miguu yake ziko chini ya wastani na hatari ya kuanguka iko juu. Mama alifika mara tano. Akaona haya. Daktari hakumpa pole. Akaandika tano, akamwambia hiyo ndiyo namba tutakayoishinda.

Kisha akaona jambo ambalo sisi tunaoishi naye hatukuwahi kuliona. Mama alikuwa akiinuka kwa mguu wa kushoto. Wa kulia aliutanguliza mbele, akaufanya abiria, na goti lake lilikuwa likiingia ndani kila anaponyanyuka. "Rudisha huo wa kulia nyuma, mama, ulingane na mwenzake. Goti litazame kidole cha pili." Akajaribu, akashindwa. Hapo daktari akauliza kama kuna godoro dogo. Tukakunja la mtoto, tukaliweka juu ya kiti, kimo kikapanda kwa kama kiganja kimoja. Akainuka kwa miguu yote miwili. Mara sita, akapumzika, mara sita tena.

Kimo cha kiti kikawa ndiyo dozi ya dawa. Kila baada ya wiki mbili, akiweza seti tatu za kumi kwa utulivu, kimo kilishushwa: godoro likaondoka, kikaja kiti kitupu, kikaja kitanda kifupi. Daktari alikuwa ameshaiona mbuzi ya nazi imeegemezwa ukutani, akaiweka kwenye orodha. Chini ya mbuzi hakuna tena ila mkeka.

Vifaa vingine vilitoka humohumo ndani. Chupa ya nusu lita ikijazwa mchanga mkavu hufika kama gramu 800. Mbili zikitiwa kwenye soksi na kufungwa kifundoni, huo ni uzito wa kuanzia. Tyubu ya baiskeli ikikatwa ni mpira wa kuvutia. Kanga, ukiipitisha chini ya unyayo na kuivuta, hunyoosha nyuma ya paja. Kwa usawa wa mwili, alisimama kwa mguu mmoja akigusa meza kwa vidole viwili, baadaye kimoja.

Ukali wa zoezi hupimwaje bila mashine? Kwa mazungumzo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Wenye miaka 65 kwenda juu waongeze ya usawa na nguvu siku tatu au zaidi. Shughuli ya wastani ni ile ambayo unaweza kujibu salamu na kuuliza habari za watoto, lakini huwezi kusoma kasida. Mtaalamu hutumia pia kipimo cha Gunnar Borg wa Sweden, ambapo mtu hutaja mwenyewe kwa namba anavyohisi uzito wa kazi, kuanzia 6 hadi 20. Hili lina maana kubwa kwa wenye presha, kwa kuwa baadhi ya dawa zake hupunguza mapigo ya moyo na saa ya mkononi ikatoa namba isiyosema kweli. Na daima hesabu kwa sauti. Anayehesabu kwa sauti hawezi kuzuia pumzi, na kuzuia pumzi wakati wa kujikaza hupandisha presha ghafla.

Kuna wasioanza kwa simu. Mwenye maumivu ya kifua, presha isiyotulia, kizunguzungu, aliyeanguka mara kadhaa bila kujua sababu, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, aonwe ana kwa ana kwanza. Na katikati ya zoezi, kifua kikibana, pumzi isiporudi baada ya kupumzika, upande mmoja wa mwili ukilegea, au shavu la mguu mmoja likivimba na kuwa moto, kikao kimekwisha na hospitali ndiyo inayofuata. Kwa hiyo mtaalamu mzuri huuliza mwanzoni kabisa: uko wapi leo, nani yuko nawe, na boti ya dharura mnaipigia nambari gani? Asipouliza, mwambie wewe. Na asiwepo mgonjwa peke yake nyumbani siku za mwanzo.

Hakikisha pia ni mtaalamu kweli. Kenya ina sheria ya wataalamu wa fiziotherapia tangu 2014, na kwa sheria hiyo lazima wasajiliwe na baraza lao. Kuomba kuona usajili kabla ya kutuma pesa kwa M-PESA si utovu wa adabu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na ile ya Afya ya Kidijitali ya 2023 zinaziwekea ulinzi taarifa za mgonjwa. Kwa mama, ulinzi huo ulianza na swali dogo: kikao kinarekodiwa? Alipoambiwa hakirekodiwi na kwamba daktari yuko peke yake chumbani, ndipo alipolegeza mtandio. Watu wa nyumbani nao tulijifunza kubisha hodi uani.

Ubora wa maisha ni maneno yanayotajwa sana na kufafanuliwa kidogo. Watafiti hawaukisii, wanauuliza. Dodoso la EQ-5D lina mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni, kisha mtu hujipa alama kati ya 0 na 100 jinsi anavyojiona leo. Dodoso la SF-36 lina maswali 36. Ni vipimo vizuri, na vimesaidia kuonyesha kuwa mazoezi hupunguza huzuni na siyo maumivu tu. Lakini mimi naona kila mgonjwa angeulizwa pia swali moja la ziada, ambalo daktari yule alimuuliza mama kabla hajamgusa goti hata kwa macho: "Ni kitu gani ungependa kukifanya tena?"

Nilitarajia aseme kupanda darini. Akasema: "Kusujudu."

Faradhi za siku moja zina rakaa 17, kwa hiyo sijda 34, na kila mojawapo kwa mwenye goti kama lake ni kushuka hadi chini na kurudi. Daktari hakumwambia haiwezekani wala hakumwahidi. Alilipasua tendo lenyewe vipande: kukaa kiti kifupi, kupiga goti juu ya mto huku mkono umeshika kiti, kuhamisha uzito, kuinuka kwa mguu wenye nguvu kwanza. Ramadhani ilipoingia katikati, alisogeza vikao vikawa baada ya tarawehe, maji yakiwa yameshanyweka, na akapunguza seti. Bando lilipokwisha au mtandao ulipokufa, alipiga simu ya kawaida, akasikiliza mama akihesabu.

Wiki ya kumi na mbili kipimo cha nusu dakika kilifika mara kumi na moja. Mbuzi amerudi kuikalia, kwa nazi moja, si tatu. Darini bado hajapanda. Asubuhi goti huwa gumu, kwa hiyo Alfajiri anaswali kitini kama zamani. Magharibi, kiungo kikiwa kimeshapata moto wa siku nzima, kiti kinawekwa ubavuni kwa kushikia wakati wa kuinuka, na sijda sita anazifanya chini.